Mtaro Tuliouchimba kwa Kiholanzi

Kiholanzi nilifundishwa na sista mmoja wa misheni, Biharamulo, huku nimeshika pasi ya mkaa. Lugha ile ina ukaidi wake! Ukitaka kusema jambo umeshalifanya, unatanguliza neno la "kuwa na", unapitisha habari zote, kitendo chenyewe unakitupa mwisho kabisa, na msikilizaji anakingoja kama yuko foleni ya sukari. Ik heb de hemden gestreken. Nimepiga pasi mashati. Kwa kwenda na kuja, unatanguliza "kuwa" tupu. Mwezi mzima nilikoroga tu. Lakini sista alichokazania ni kitu kingine: nisiitamke sentensi hiyo kabla mashati hayajaingia kabatini. "Yako wapi?" aliuliza kila mara. Nikiyaonyesha, ruksa kusema.

Kwa sheria hiyo, mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa angekufa bubu. Tumelima, tumepalilia, tumejenga! Tulilima ukanda wa barabarani, magari ya wakubwa yanapopita. Nyuma yake, pori. Taarifa ilipanda wilayani, pongezi zikashuka, sote tukajua na hakuna aliyeona ajabu.

Vita na Amin vilipokwisha, vijana wetu wengi wakiwa hawajarudi, akaja mtaalamu wa maji, Mholanzi. Angeleta pampu na mabomba tukishachimba mtaro kutoka chemchemi ya bondeni hadi kijijini. Tukachimba hatua hamsini, barabarani, zimenyooka utadhani zimepigwa rula. Kule bondeni nani achimbe? Walibaki wazee na akina mama kama mama yangu, nyonga inamuuma, na bado anapanda kilima na ndoo mara nne kwa siku. Mabomba yale niliyataka kwa ajili yake. Siasa shauri yao.

Mgeni hakujua Kiswahili, nikaitwa nitafsiri.

"Mwambie tumechimba mtaro wote," mwenyekiti akasema, "mpaka chemchemini."

Nikamtazama mama, amesimama kwa mguu mmoja mzima. Nikasema: Wij hebben de hele sleuf gegraven. Sentensi haikuwa na kosa hata moja, na mimi mpumbavu nikajisikia fahari.

Mholanzi akanishika mkono kwa furaha. Akaniambia alihofia tutakwama, maana vijana wako jeshini, kwa hiyo alikuwa ametuombea mashine ya kuchimba. Iko Biharamulo tayari. Lakini kwa kuwa tumemaliza, kesho ataipeleka Bugarama, ambako watu walimwambia wazi kwamba hawajachimba hata shimo la mgomba. Mabomba yetu yatakuja akishaupima mtaro.

Mwenyekiti alianza kupiga makofi kabla sijafungua mdomo. Kijiji kizima kikafuata. Mama akanisogelea akichechemea.

"Amesemaje, mwanangu?"

Nilitaka kumwambia. Wallahi nilitaka.

"Anasema hongereni sana, mama."

Akacheka kwa furaha, akapiga makofi naye, kisha akachukua ndoo akateremka bondeni.