Sebule ya Mwalimu wa Kwaya

Mke wangu hushona mapazia, na watu humwita Mama Bitana kwa sababu hakubali pazia limtoke mkononi bila kitambaa cha pili nyuma yake. Ubishi wake, jamani, usiombe! Mimi ni fundi wa redio na spika. Tunagawana chumba kimoja cha kazi: upande wangu nyaya, upande wake majora ya vitambaa mpaka darini. Nikilalamika kwamba vinanibana, hujibu, "Hama basi," na cherehani inaendelea.

Siku moja mwalimu wa kwaya alinijia na spika zake mbili, uso umemshuka. Mzee huyu amefundisha kwaya miaka thelathini. Kila wiki hurekodi mazoezi, kisha huketi nyumbani kusikiliza nani kakosea. Binti yake alikuwa amemjengea nyumba mpya, na tangu ahamie humo, kila akifungua rekodi anasikia makelele tu.

"Sauti zinachoma," alisema. "Siwezi kutenganisha ya pili na ya tatu. Kama si spika, basi ni masikio yangu yamekwisha. Mwalimu asiyesikia atafundisha nini? Jumamosi nitawaaga wanakwaya."

Nilimwambia hiyo kazi ndogo. Nikabadilisha zile spika ndogo za sauti nyembamba, nikazijaribu palepale kazini: tamu ajabu. Kesho yake akarudi, bado zinachoma. Nikabadilisha amplifaya. Kazini, asali. Kwake, balaa. Mara ya tatu mzee hakugomba hata kidogo.

"Basi, mwanangu, ni masikio," alisema. "Asante kwa kujaribu."

Roho iliniuma vibaya. Mama Bitana alikuwa ananitazama, pini mdomoni.

"Umewahi kufika kwake?"

"Nifuate nini? Spika si ziko hapa?"

"Mafundi nyie!" Akachukua futi yake ya kupimia. "Mwalimu, twende kwako."

Sebule ilikuwa nzuri kwa macho: vigae vinang'aa, ukuta mzima wa vioo, kochi la ngozi, na kipazia chepesi unachoweza kukipuliza kikapepea. Mke wangu akasimama katikati, akapiga kofi moja. Likarudi likivuma kama tuko ndani ya tangi tupu. Akanigeukia. Nikaelewa. Siku zote hizo nilikuwa najaribu spika katikati ya majora yake yanayomeza makali yote, halafu nazirudisha kwenye chumba cha vioo. Aibu ilinishika, lakini sasa nilijua pa kuanzia.

"Mwalimu, sauti ikitoka inagonga kioo, inagonga kigae, inarudi juu ya nyingine," nilimweleza. "Masikio yako yanaletewa fujo tupu."

"Unanifariji tu."

"Nipe siku mbili," akasema mke wangu. "Ukiona nimekufariji, nifukuze."

Ijumaa asubuhi tulitundika mapazia mazito yenye bitana, yenye mikunjo mingi, toka juu hadi chini. Tukatandika zulia nene kati ya spika na kochi, tukahamishia kabati la vitabu ukuta wa nyuma. Mimi nikazitoa spika kwenye kona, nikaziinua zikawa usawa wa masikio, nikazigeuza kidogo zielekee kiti chake. Mama Bitana akapiga kofi. Likafa papo hapo. Akacheka kwa maringo, na safari hii sikumbishia.

Mzee akafungua rekodi ya mazoezi ya mwisho, akafumba macho. Ubeti wa kwanza ukapita. Kwenye wa pili akasimama ghafla.

"Simamisha! Rudisha nyuma!"

Nikarudisha.

"Sauti ya pili inashuka! Mnasikia? Huyu wa mwisho kushoto anawavuta wenzake!"

Machozi yakamtiririka mpaka kwenye ndevu, na hakujali kuyafuta. Akampigia simu msaidizi wake.

"Kesho mazoezi saa kumi," alisema. "Kuaga? Nani anaaga? Na sauti ya pili waje nusu saa mapema."