Mikono ya Mpaka Nikeli

Habari za kifo chake zilinifikia Jumanne, nikiwa mjini Wote. Mkewe alinipigia simu kutoka kwao Kambu: mapafu yamemshinda. Ninyi wasomaji hamkumjua, na hilo ndilo linaloniuma. Kwa miaka mingi alipaka nikeli mifereji ya maji, vitasa na trei za hospitali katika karakana moja ya Nairobi. Huenda asubuhi ya leo umenawa uso kwa mfereji uliopita mikononi mwake.

Tulipofahamiana, tayari alikuwa amefutwa kazi. Alifungua kitambaa, akaniwekea mezani kipande cha nikeli. “Angalia, ni nyeupe lakini iko na umanjano kidogo. Sumaku inaishika kama chuma, lakini mvua haiwezi kuitia kutu. Kuiyeyusha unataka moto mkali kushinda ule wa shaba. Sasa ukiiweka kwa asidi, inaisha polepole, maji yanageuka kijani. Hayo maji ndiyo tulikuwa tunatia mikono, tukichovya vitu vya kupakwa.”

“Bila glavu?”

“Glavu zilikuwa zinatoka stoo siku ya wakaguzi. Wakienda, zinarudi.”

Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imepasuka na kuchuruza majimaji. Mwili wake haukuivumilia tena nikeli. Hata kifungo cha suruali chenye nikeli kilimletea vipele tumboni. Alipowaandikia wenye karakana kuhusu mikono na kikohozi, walimjibu kwamba nikeli haina madhara, kwani imo hata katika vijiko vya nyumbani. Alinisomea barua hiyo akicheka, kicheko kikageuka kikohozi. “Mimi sikuugua kwa kijiko,” alisema. “Niliugua kwa mvuke wa yale maji. Andika hiyo, tafadhali. Kuna vijana bado wako pale.”

Nikamwahidi. Kisha nikaandika kuhusu barabara, kuhusu wanasiasa, kuhusu wanasiasa tena. Tunapenda vitu vinavyong’aa, na sisi wa magazeti hatuko tofauti: tunawafuata wakubwa wanaong’aa, anayekohoa Kambu anangoja nafasi ipatikane.

Baada ya mazishi, mkewe alinivuta kando, akanishika mkono kwa heshima. “Ile habari yake uliandika, ilitoka siku gani? Alikuwa ananituma gazeti kila wiki. Nataka niwawekee watoto.”

Nilimwambia ukweli. Hakunifokea, aliuachilia mkono wangu tu, akaenda kuwapa wageni chai.

Habari yenyewe ndiyo hii, imechelewa. Mgonjwa akikuomba umsemee, msemee angali anaweza kusikia.