Siku Niliyosafisha Tangi la Samaki wa Marehemu

Chekeni tu, mimi nimeshazoea, ila naomba msinitanie hili mbele ya akina mama wa jumuiya pale Karatu, maana bado najificha nikiwaona wanatoka kanisani.

Nafanya kazi mapokezi kwenye gesti ya Mama Dani. Mimi ni mtoto wa kule Enguserosambu, Umasaini, nimekulia kwenye ng'ombe, samaki nimekuja kuwaona mjini (na sili, msinilazimishe). Pale mapokezi kuna tangi la kioo aliloliacha marehemu mume wake, na ndani yake kulikuwa na samaki wadogo kadhaa na mmoja mkubwa wa rangi ya chungwa ambaye marehemu alimwita Mheshimiwa, akimsalimia kila asubuhi kabla hajamsalimia binadamu yeyote. Mama alipokwenda Arusha kununua vitu vya ibada ya kumbukumbu ya mumewe, aliniita pembeni.

"Lemayani mwanangu, gesti hata ikiungua tutajenga nyingine. Hao samaki aliwahudumia mwenyewe mpaka anaugua. Niangalizie."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi kabisa.

Sasa asubuhi ya ibada, ambayo ilikuwa ifanyike pale pale mapokezi, naangalia kioo, kijani kitupu, na Mheshimiwa amejibanza kwenye kona, chakula hataki. Nikawaza, wageni waje wakute uchafu huu? Kwetu zizi likijaa matope ng'ombe wanaoza kwato, kwa hiyo dawa ya kwanza ni usafi. Basi nikawachota samaki nikawaweka kwenye ndoo, maji yote nikamwagilia maua, mawe nikayasugua kwa sabuni ya unga, na ile sponji ya filta inayochuja maji, nyeusi tii, inanuka kama kwapa la punda, nikaifua kwa maji ya moto na sabuni kidogo mpaka ikawa nyeupe pee, halafu nikajaza tangi kwa maji ya bomba, na maji ya Karatu asubuhi mnayajua, yanauma meno. Kioo kikang'aa mpaka nikakipiga picha (ndiyo, nilikipiga picha, ninayo mpaka leo).

Sijakaa sawa nawaona samaki wote wako juu, midomo wazi, wanahema kama wametoka kukimbizwa na fisi, na wadogo wawili wameshageuka tumbo juu. Nikawatikisa kidogo kwa kidole, wapi. Na badala ya kutulia na kuuliza watu, nikafanya kile ambacho mtoto yeyote wa mfugaji angefanya: kwetu mnyama akilegea anapewa magadi alambe. Nikakimbilia jikoni, nikachota kiganja kizima cha magadi ya kupikia maharage, nikamwagia humo. Heri ningekunja mikono! Mheshimiwa akaanza kuogelea ubavu ubavu kama mlevi anayetafuta ukuta.

Ubavuni mwa tangi marehemu alibandika namba ya fundi aliyemuuzia samaki, huko Arusha. Nikapiga, nikamweleza wanavyohema.

"Sponji umeifua?" akauliza.

"Imetakata, kaka. Nyeupe."

"Kwa sabuni?"

"Kidogo."

"Yesu wangu! Na maji ya zamani ulibakiza?"

"Nimemwagilia maua."

"Sasa kaka, ule weusi kwenye sponji ndiko wanakokaa vijidudu wanaokula sumu ya mavi ya samaki. Umewamaliza wote! Maji yanapunguzwa kidogo kidogo, hayamwagwi yote. Tafuta maji ya mvua yaliyolala ndani, yasiyo ya baridi, weka kwenye beseni pana, wahamishie humo na mashine ya hewa uwawekee. Chakula usiwape. Na usitie kitu kingine chochote, umenielewa?"

"Nimekuelewa," nikasema. (Ya magadi sikuthubutu kumwambia.)

Maji ya mvua yalikuwepo jikoni kwenye pipa. Beseni nikachukua jipya, jeupe, lililonunuliwa kwa ajili ya pilau. Tatizo likawa umeme wa kuchomeka mashine: soketi iliyokuwa inafanya kazi ilikuwa moja tu, jirani na meza ya ibada yenye picha ya marehemu na mshumaa. Nikaweka beseni hapo mezani, samaki wakiwa ndani, na ili Mama asije akaona mapema kabla sijajua la kumwambia, nikafunika nusu kwa kitambaa cheupe, na samaki wakajibanza upande wa kivuli. Nikasikia magari nje.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele na milele, amina," nikaitikia.

Wa kwanza kuingia alikuwa Bibi Emiliana, mwenyekiti wa jumuiya. Akaona picha, akaona mshumaa, akaona beseni jeupe na kitambaa cheupe. Nyie mngefikiria nini? Akachovya vidole, akafanya ishara ya msalaba, akaenda kukaa. Nyuma yake foleni! Mmoja mmoja, wanachovya, wanajibariki, hadi katekista mwenyewe, na mimi nimesimama pale, kila nikitaka kusema mwingine ameshachovya. Ndipo mama mmoja akachovya kiganja kizima, na Mheshimiwa akapanda kutoka chini akamnyonya kidole.

"Mamaaa! Kuna kitu kwenye maji ya baraka!"

Beseni likainama, mshumaa ukazimika, nikajitupa nikalikumbatia kifuani, nikaketi nalo sakafuni, nikalowa chapachapa mbele ya jumuiya nzima.

"Kijana," katekista akasema taratibu, "haya maji ni ya nini?"

"Ya mvua, Katekista. Ya samaki."

Bibi Emiliana akanusa vidole vyake.

Na mlangoni amesimama Mama Dani. Akaja, akapiga magoti pale sakafuni nilipokuwa.

"Wamekufa?"

"Wadogo wawili, Mama. Nimewaua mimi. Nilifua kila kitu, nikatia na magadi." Hapo machozi yalinishinda, siwafichi.

Alimtazama Mheshimiwa, ambaye mashavu yake yalikuwa yanafunguka polepole. "Kila Jumamosi alitoa ndoo moja tu," akasema, "akarudishia maji yaliyolala, na sponji akaisuuza kwenye maji yale yale machafu. Nilikuwa nakaa namtazama. Mimi ndiye niliyepaswa kukufundisha, mwanangu. Tangu tumzike sijaweza kukisogelea kile kioo."

Akaingiza mkono kwenye beseni, akalia kwa sauti, kilio ambacho kule makaburini hakukilia. Akina mama wakashuka kutoka kwenye viti, wakamzunguka, mmoja akaanzisha wimbo. Ibada ikaanzia hapo sakafuni.

Mheshimiwa alipona. Mimi nimeapa: mnyama nisiyemjua simtibu kabla ya kuuliza, na magadi yabaki kwenye maharage. Jumamosi Mama huhudumia tangi mwenyewe, mimi nabeba ndoo. Majuzi nilinyoosha mkono nimsaidie kusuuza sponji.

"Lemayani," akasema bila hata kugeuka, "mikono mfukoni."

Nikaitia mfukoni.