Muuza Mbegu Aliyegeuza Mgongo

Wakhungu wa Kitale hutengeneza simu mchana, na jioni hukaa na kompyuta yake akiutia Kiswahili mchezo mmoja wa kulima shamba, ambao wenyewe waliutoa kwa Kijapani. Hakuna aliyemtuma. Vijana mia kadhaa huupakua bure na kumshukuru, basi naye ameridhika.

Sauti ya muuza mbegu wa mchezoni alimwomba Phelista, mama wa mboga sokoni Bungoma, maana hakuna anayembembeleza mteja kama yeye. Katika kwenda kumrekodi akampenda bintiye, Dinah, na Desemba wakapeleka ng'ombe wa mahari.

Hapo kazi ikakwama. Kwa Wabukusu, mkwe hapigi gumzo na mama mkwe, wala hawasimami uso kwa uso. Na kila Wakhungu akifungua duka la mbegu arekebishe kosa, mama mkwe anasikika: "Karibu mwanangu, sogea tuongee." Wakhungu anainuka kitini, anatoka nje. Mashabiki wakangoja toleo jipya miezi mitatu.

"Si ufute tu sauti ya mama," Dinah akasema.

"Nimfukuze mama mkwe dukani, bana? Kwenu watasema nini?"

Dinah akapiga simu Bungoma. Phelista alicheka sana, kisha akarekodi upya: "Mwambieni huyo anayetaka mbegu azichukue hapo mlangoni." Naye Wakhungu akamgeuza muuzaji, awape wateja mgongo.

Toleo likatoka. Mchezaji wa Mombasa akaandika kuuliza mbona huyo mama ana madharau. Mwingine wa Kiminini, karibu na Kitale, akamjibu, "Si madharau, ndugu. Umeoa kwake."