Mabenchi Mapya ya Torfinn

Aslaug Rautio alikata minofu ya samaki kiwandani miaka thelathini na mmoja, akazika mume mmoja na mbwa wanne, na muda wote huo hakuwahi kumchukia mtu kwa moyo mkunjufu. Hilo lilimjia akiwa na miaka sitini na sita, Torfinn alipomwibia gogo. Alishangaa jinsi chuki inavyomkaa vizuri mtu mzima. Hamu ya kula ilirudi, na usingizi pia.

Torfinn ni binamu yake. Baba zao walikuwa ndugu. Vibanda vyao vinatazamana ng'ambo hii na ile ya ghuba, hivi kwamba kila mmoja hujua kwa moshi mwenzake ameamka saa ngapi, na humsema kwa hilo.

Huku kwetu, kaskazini kabisa mwa dunia, miti haioti. Msitu wetu ni bahari: mito ya Urusi husukuma magogo, dhoruba za baridi huyatupa pwani. Sheria ni moja, na hata mchungaji haivunji. Ukiliburuta gogo hadi juu ya alama ya bamvua, pale maji makuu yanapokomea, na kuliwekea jiwe mgongoni, ni lako, hata likilala hapo miaka kumi. Basi kila Februari, jua likirudi baada ya giza la majira ya baridi, Aslaug huvuta sleji yake ya kuburuta thelujini hadi kibandani, akakaa wiki tatu, na kila dhoruba ikitulia huvaa skii za kutelezea akaizunguka pwani, rasi kwa rasi. Mwaka juzi alipata gogo refu, jekundu, nyoofu. Lilikuwa la kubadili boriti ya chini ya kibanda, iliyooza mpaka kikombe cha kahawa kikiwekwa mezani huanza safari chenyewe kuelekea Urusi.

Aliliwekea jiwe. Aliporudi na msumeno, jiwe lilikuwa limebaki peke yake kwenye theluji kama mgeni aliyekosea arusi. Alama za pikipiki ya theluji zilizunguka ghuba moja kwa moja hadi ng'ambo. Kiangazi kile Torfinn alizindua sauna yenye nguzo nyekundu, chumba cha mbao cha kuketi kwenye mvuke na kutoka jasho.

Kijijini, kumwita mtu mwizi bila kumkamata akiiba ni aibu kubwa kuliko wizi wenyewe. Aslaug alinyamaza. Lakini alitaka kitu kimoja kabla hajafa: amsikie Torfinn akitamka kwa kinywa chake, mbele ya watu, kwamba alilichukua.

Alifikiri karibu miaka miwili. Nyuma ya banda la mashua la marehemu baba yake kulikuwa na magogo ya kutelezeshea mashua. Kwa miaka arobaini mzee aliyapaka mafuta ya maini ya samaki, tena yaliyooza, maana yaliyooza ndiyo huteleza. Lile nene kuliko yote lilikuwa limekunywa mpaka kiini. Kiangazi hata shakwe walilipita mbali. Ila katika baridi kali hakuna kinachonuka; hata Torfinn mwenyewe, watu husema, hanuki. Aslaug alilichonga kwa shoka mpaka likawa jeupe, akaliburuta kwa sleji na matusi hadi ufukweni, akalimwagia maji ya bahari yakaligandia, na juu akaweka jiwe zuri. Kisha akapika kahawa na kuchungulia kwa darubini.

Siku ya pili Torfinn alifika mchana kweupe. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaliondoa jiwe kwa upole wa mtu anayemvua mtoto kofia. Aslaug nusura apige makofi.

Baada ya wiki moja Torfinn alikuja kumwalika. Ametengeneza mabenchi mapya saunani, na kwaya ya kijiji itakuja Jumamosi mchana. Aslaug aliuliza mbao alizitoa wapi. Torfinn akaziangalia glavu zake, akasema alikuwa nazo tu.

Jumamosi Aslaug alikwenda, na taulo alilolikunja mara nne la kukalia. Walikaa watu saba, paja kwa paja, wakiyasifu mabenchi. Kisha joto likapanda, na mbao zikaanza kutoa jasho na uvundo.

Kwanza watu walitiliana shaka. Mwimba besi alimtazama mwenzake kwa huzuni. Kisha mafuta ya njano yakachuruzika na mwimba besi akateleza hadi chini. Torfinn alimwaga maji kwenye mawe ya moto ili mvuke ufukuze harufu. Mvuke ukaishika harufu mkono na kuitambulisha kwa kila mgeni.

"We Torfinn," alisema Borghild, kiongozi wa kwaya, amebana pua, "hizi mbao za wapi?"

"Dukani."

"Duka gani, la wafu?"

Aslaug machozi yalikuwa yakimtoka, lakini hakuinuka. "Zingekuwa za kuokota pwani," alisema taratibu, "ningejua dawa ya kuzipaka. Za dukani mimi sizijui, binamu."

Mmoja mmoja kwaya ilitoka, lakini hakuna aliyekwenda mbali. Walisimama mlangoni, miguu peku kwenye theluji, masikio ndani. Torfinn alijaribu kuinuka, akateleza, akakaa.

"Aslaug."

"Naam."

"Nilichukua gogo lako."

Miaka miwili aliingoja sentensi hiyo. Alikuwa ameiandalia jibu refu, lenye kumtaja hata marehemu baba yake. Ulimi ukamtangulia.

"Lipi?"

Torfinn alifunga macho, akaanza kuhesabu kwa vidole kama mtu anayetapika. Hili jeupe. Lile jekundu. Mawili ya mwaka ulipomzika mume wako. Lile la rasini ulilodhani bahari imelirudia. Hapo vidole vya mkono mmoja vikaisha, na Borghild mlangoni akasema, "Ehe?" Torfinn akauinua mkono wa pili.

Aslaug, aliyekuja na chuki ya gogo moja tu, alilikunja taulo lake upya, akakaa vizuri. Akachota kata nzima ya maji, akaimwaga juu ya mawe.

"Endelea," akasema.