Panya Aliyefanana na Ng'ombe wa Mahari

Nilipostaafu ualimu, mke wangu alitarajia nifuge kuku wa mayai kama walimu wastaafu wenzangu wa Sironga. Mimi nikaleta panya wanne.

Hawakuwa panya wa ghalani. Rafiki yangu mmoja aliniletea kutoka Nakuru, kwa mtu aliyekuwa akiwazalisha ili kulisha nyoka wake. Wawili walikuwa majike weupe wenye macho mekundu. Wa tatu, dume, alikuwa mweupe pia, ila kichwa na mabega yake yalikuwa meusi, kama mhitimu ambaye joho lake limekatwa kifuani. Wa nne alikuwa jike wa rangi ya majivu. Nilikuwa nimefundisha somo la urithi kwa miaka mingi nikitumia njegere za kuchora ubaoni, na sikuwahi kuona hata njegere moja ikizaa mbele ya macho yangu. Sasa nilikuwa na wakati.

Nikatoboa milango ya kabati la zamani, nikaipigilia wavu wa kuku, nikaenda sokoni Daraja Mbili kumwomba seremala maranda ya kuwatandikia.

"Ya kuku, mwalimu?"

"Ya panya."

Alicheka. Alipoona mimi sicheki, akanijazia gunia upesi upesi bila kuniangalia usoni.

Uzao wa kwanza ulinifedhehesha. Nilimweka yule dume mwenye joho na jike mmoja mweupe, na baada ya wiki tatu tukapata watoto kumi, wekundu na uchi kama vidole vya mtoto mchanga. Manyoya yalipoota, wote kumi walikuwa wa rangi ya udongo, kuanzia pua hadi mkia. Nilijua sababu. Weupe wa aina ile ni blanketi tu, unafunika rangi nyingine zilizolala chini yake. Nilimweleza mke wangu hivyo. Yeye alichungulia kabatini, akashika kiuno.

"Kwa hiyo umehangaika muda wote huu kutengeneza panya ambao tayari tunao ghalani."

Habari zikafika kanisani. Jumapili moja mzee wa kanisa alikuja na shemasi, wakaketi, wakanywa chai, kisha mzee akafungua Maandiko mahali panapotaja wanyama najisi, na panya wamo.

"Mwalimu, tunauliza tu. Mnakula?"

"Hatuli, mzee."

"Mnauza kwa watu wanaokula?"

"Hapana."

"Sasa ni za nini?"

"Za rangi."

Walitazamana. Shemasi akauliza kama ni rangi ya kupaka nyumba. Nilijaribu kuwaeleza kwamba mtu anaweza kumtaka panya awe na madoa fulani kama vile mtu anavyotaka kitenge cha maua fulani. Mzee alifunga kitabu polepole, akasema halioni kosa lenyewe liko wapi, lakini ana hakika lipo. Wakaomba, wakaenda zao.

Yote hayo yangepita kimya kama mama mkwe wangu asingetoka Nyacheki kuja kumwona binti yake.

Ni lazima nieleze jambo moja. Kwetu Wagusii, mkwe na mama mkwe wake wanaoneana haya. Tunaita chinsoni. Sikuwahi kumpa mkono mama huyu. Tulisalimiana kwa mbali, nikiangalia kalenda ukutani na yeye akiangalia mlango, tukaulizana habari za mvua na za majani chai, basi. Kwa miaka yote ya ndoa yangu sidhani kama tulikuwa tumezungumza zaidi ya hapo.

Siku hiyo mke wangu alikuwa jikoni. Mama aliketi kwenye kochi, mimi kwenye kiti cha karibu na mlango. Tulikuwa tumemaliza mvua na tumeanza majani chai. Ndipo nikaona kitambaa cha kufumwa kilichotandikwa mgongoni mwa kochi kikitikisika, na jike wa rangi ya majivu akatoka chini yake. Mlango wa kabati ulikuwa umelegea. Akanusa hewa, akapanda bega la mama mkwe wangu, akatulia hapo akijipangusa masharubu.

Nilisimama. Nikaketi. Kumtoa panya pale kulihitaji kumgusa mama mkwe bega, na hilo babu zangu wote wasingenisamehe.

"Mama," nikasema nikiikazia macho kalenda, "tafadhali usitikisike."

"Kuna nini?"

"Una mgeni."

Aligeuza shingo. Wakaangaliana, pua kwa pua. Nilingoja kelele, sikuzisikia. Mama alimtazama panya yule kwa muda mrefu, na panya naye akamtazama.

"Nani ameipaka hii rangi?"

"Hakuna aliyempaka, mama. Amezaliwa hivyo. Rangi zinapangwa."

"Zinapangwa namna gani?"

Nimefundisha somo la uzazi, bila kupepesa jicho, mbele ya madarasa ya wavulana arobaini wanaochekacheka. Mbele ya mama mkwe, nikaanza kupindisha maneno.

"Kwa... kuchagua nani ataoana na nani," nilisema hatimaye. "Unaangalia familia."

"Kama watu," akasema, akionekana kuridhika. Mke wangu aliingia na sinia ya chai, akaona hali ilivyo, akaweka sinia chini na kumbeba panya. Mama akamfuata kwa macho mpaka kabatini.

"Mwambie mwalimu," akamwambia binti yake, ingawa nilikuwa hatua tatu kutoka alipokuwa, "hiyo ndiyo rangi ya ng'ombe wangu."

Ng'ombe huyo alikuwa mmoja wa wale wa mahari, niliyoimaliza kulipa miaka mingi baada ya harusi. Alikaa kwake miaka mingi, akazaa, akakamuliwa, na mwaka uliotangulia alivimba tumbo akafa. Mama hakuwa amepata mwingine wa kumpenda hivyo. Sasa alitaka kujua kama naweza kumtengenezea panya wa kufanana naye, na yale madoa yake yote.

"Mwalimu anamkumbuka," akaongeza. "Si ndiye alimleta?"

Nilisema ndiyo, namkumbuka vizuri sana.

Ukweli ni kwamba sikuwahi kumwona. Ng'ombe wa mahari walichaguliwa na baba zangu wadogo, wakawaswaga wenyewe hadi Nyacheki, nami wiki hiyo nilikuwa nikisimamia mtihani. Mke wangu alilijua hilo. Alinitazama juu ya kikombe chake kwa furaha mbaya.

Nikaanza uchunguzi. Nilimpigia shemeji yangu simu, nikamuuliza kama anakumbuka madoa ya ng'ombe yule. Akasema alikuwa wa kahawia, hana doa. Baba yangu mdogo akasema walipeleka ng'ombe weusi watupu, na kwamba kama mama yule alipata wa majivu basi kuna mtu alibadilisha njiani. Ikabidi nimwendee mwenye ng'ombe mwenyewe.

Tuliketi uani kwake Nyacheki, mimi upande huu, yeye upande ule akichambua maharagwe, mke wangu katikati kama mkalimani. Mama alieleza vizuri: mwili wa majivu, nyota nyeupe kwenye paji la uso, tumbo jeupe, mguu mmoja wa mbele mweupe hadi gotini. Niliandika kila kitu.

"Na pale nyuma," mama akasema.

"Nyuma wapi, mama?"

Akachambua maharagwe. Akamnong'oneza binti yake. Mke wangu akanigeukia, uso mkavu: "Anasema kulikuwa na doa jeusi."

"Mahali gani?"

Wakanong'onezana tena. Ilionekana doa lilikuwa karibu na kiwele, na kiwele si neno la kumtamkia mkwe. Nikaandika "nyuma", nikafunga daftari.

Kazi ilichukua karibu mwaka mzima. Rangi ya majivu hujificha. Lazima itoke kwa baba na kwa mama ndipo ionekane. Tumbo jeupe lilikuja mapema. Nyota ya paji la uso ilinitesa, maana madoa hayatii amri: utapata nyota ukakosa tumbo, au nyota ikateremka hadi puani, panya akaonekana kama amenywa maziwa. Waliozidi niliwapa walimu wa sayansi wa shule za karibu. Mke wangu, aliyesema hataki kuhusishwa, nilimkuta asubuhi moja amepiga magoti mbele ya kabati.

"Huyu wa pembeni," akasema, "ana mguu."

Alikuwa nao kweli. Majivu, nyota, tumbo, na mguu wa mbele mweupe hadi mahali ambapo panya ana goti. Nilihisi machozi yakinilenga, nikasingizia vumbi la maranda.

Tulimpeleka Nyacheki ndani ya kikapu kilichofunikwa leso. Mama alimpokea kwa mikono miwili. Alimtazama usoni, akamgusa nyota, akasema "ee" kwa sauti ya chini. Akamgeuza. Akaangalia nyuma. Akamnong'oneza mke wangu.

"Anasema ni yeye," mke wangu akaniambia, "ila lile doa halipo."

Nikaanza kujitetea, kwamba maelezo ya sehemu ile hayakuwa kamili, kwamba naweza kujaribu tena nikiambiwa mahali hasa. Mama aliinua mkono. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, alisema nami akinitazama usoni.

"Acha, mwanangu. Hata ng'ombe mwenyewe hakupenda watu kuangalia huko."

Sikujua pa kuweka macho. Kalenda haikuwepo.

Alimweka ndani ya kikapu kando ya kiti chake, akampa ukoko wa ugali wa wimbi, na mpaka leo, mke wangu ananiambia, wanachambua maharagwe pamoja. Jioni humweleza habari za majirani. Shemeji, yule aliyesema ng'ombe alikuwa wa kahawia, alipofika nyumbani na kumwona panya, alisimama mlangoni akashika kichwa.

"Ni yeye kabisa," alisema. "Lakini ng'ombe yetu ilikuwa na pembe."

Mama mkwe akanipigia simu mwenyewe kuniambia nisijisumbue na pembe.