Nilinunua kadi ya mwaka ya "familia nzima" kwenye park ya michezo, leo inakwangua ukoko

Wakuu, habari za humu ndani.

Nimeona mdau kaanzisha uzi anauliza kama kadi ya mwaka ya zile park za maji na michezo kule Dar ina faida kwa mtu mwenye familia. Nikaona na majibu yenu. "Chukua mkuu, ukienda mara chache tu imejilipa."

Nilitaka kujibu palepale, nikaona maneno ni mengi. Bora nifungue uzi wangu mwenyewe niseme yote.

Haya yamenikuta mimi na nyumba yangu. Sina haja ya kutia chumvi, yenyewe machungu ya kutosha. Jina la park sitaji, mods wasije wakaufuta uzi, na mimi sina ubavu wa kesi.

Mimi ni mtu wa Kibiti, nina duka la spea za pikipiki hapa barabarani. Asili yetu Mbuchi, kule delta. Huwa naenda Kariakoo kufuata mzigo, na kila nikirudi wanangu wananipokea na swali lilelile: baba, umepita kwenye mitelezo ya maji? Wameiona kwenye simu za watu huko, basi usingizi hawana.

Ngoja niwatambulishe hao wanangu, maana uzi wote uko hapo.

Mkubwa ni Zuhura, yuko darasa la sita. Anayemfuata ni Kassimu. Kitinda mimba ni Rehema, huyu bado anagombana na kuku.

Zuhura kazaliwa na dada yangu Mwanaisha, ambaye yuko Mbuchi na mumewe mpaka leo, wazima wa afya. Mimi na mke wangu tulikaa kwenye ndoa miaka bila mtoto. Hospitali tulizunguka, kwa mafundi wa dawa za kienyeji tulizunguka, wapi!

Mama yangu mzazi akamwita dada akamwambia, nyumba ya kaka yako imepoa, mpe mtoto awaite wenzake.

Kwetu ndivyo ilivyo. Nyumba isiyo na mtoto inapewa mtoto. Akae humo, alie, acheke, avunje vyombo, wenzake wasikie njia waje. Dada akamwachisha Zuhura ziwa, akaja naye Kibiti. Hakuna aliyeandikishana na mtu. Utaandikishanaje na dada yako wa tumbo moja?

Na wallahi aliwaita. Kassimu akaja, Rehema akaja.

Toka siku Zuhura alipoingia ndani, mke wangu anaitwa Mama Zuhura na mimi naitwa Baba Zuhura. Kuna wateja wangu hata jina langu la kitambulisho hawalijui. Na mtoto hatukumficha kitu. Anajua ana mama wa Mbuchi na mama wa Kibiti, na faida aliyokuwa anaiona ni moja tu, Idi anapata nguo mara mbili. Wenzake walikuwa wanamwonea wivu.

Haya, turudi kwenye kadi.

Siku moja Kariakoo nikakutana na jamaa wa mauzo wa hiyo park. Meza, mwavuli, spika inapiga kelele, shati limenyooka. Mdomo wake asali tupu. Akaniambia, "Bosi, hii ni offer. Kadi ya mwaka ya familia nzima. Baba, mama na watoto watatu. Wewe una watoto wangapi?"

Nikamwambia watatu.

"Basi hii imetengenezwa kwa ajili yako!"

Nikampigia mke wangu. Mama Zuhura akakataa pale pale. Akaniambia, "Baba Zuhura, sisi watu wa bonde. Mpunga ukianza kuiva, likizo yote watoto wako juu ya dungu wanafukuza ndege. Ramadhani huendi. Mvua ikikolea huendi. Huo mwaka unaoununua utautumia lini?"

Hapo wakuu ndipo palikuwa na jibu la mdau wetu, na lilitoka kwa mwanamke aliyekuwa anachambua mchele. Mimi nikajifanya mjanja wa mjini. Nikamwambia kadi inapunguza gharama, wewe hujui mambo ya hesabu. Nikakata simu, nikalipa.

Jamaa akanipa risiti, akasema kadi zenyewe mtapigiwa picha getini, njooni na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Vyeti tunavyo vyote. Sikuwaza kitu.

Siku ya siku tukaondoka Kibiti alfajiri. Mama Zuhura kapika wali na kamba kaujaza kwenye hotpoti. Getini hotpoti ikazuiwa, chakula cha nje hakiruhusiwi, ikakaa kwa mlinzi. Nikameza. Nikasema ndio utaratibu wao.

Tukafika kaunta. Kuna dada pale, mpole tu, kosa si lake. Akapokea vyeti, akawapiga picha mimi, mke wangu, Kassimu, Rehema. Ilipofika zamu ya Zuhura akasimama, akasoma cheti, akanitazama.

"Mzee, huyu si mtoto wako."

Wakuu, aliisema hivyohivyo! Mbele ya foleni. Mbele ya mtoto mwenyewe, kasuka nywele mpya kwa ajili ya siku hiyo, keshakaa kwenye kile kiti cha picha.

Nikamwambia huyo ni mwanangu, ni wa kwanza. Akasema cheti kina majina mengine ya baba na mama, system haikubali. Nikasema mama yake ni dada yangu, mimi ndiye niliyemlea. Akasema, basi ni mpwa wako mzee, familia kwetu ni watoto wa kuzaa au wenye karatasi za mahakama.

Mke wangu akauliza taratibu, "Mwanangu, unajua mimi naitwa nani?"

Yule dada akasoma kitambulisho, akamtajia jina.

"Siitwi hivyo. Naitwa Mama Zuhura."

Watu kwenye foleni wakacheka. Kuna mmoja akasema tusogee, tunachelewesha watu.

Akaletwa meneja. Kijana wa tai, anaongea Kiswahili kama anakikodisha. Akasema, "Hamna shida, mtoto ataingia kama guest." Yaani nimkatie tiketi ya siku. Sisi tukavikwa bangili za plastiki za bluu za kadi. Zuhura akavikwa ya rangi ya chungwa, imeandikwa GUEST.

Mama Zuhura akanivuta pembeni. Sauti yake ilikuwa chini, lakini namjua mke wangu, ikishuka hivyo ujue kumeharibika. "Turudi. Waingie wote kama wanangu, au tusiingie."

Na mimi, wakuu, nikamjibu jibu ambalo mpaka leo likinijia nikiwa dukani nasimama nje nivute hewa. Nikasema, "Mama Zuhura, tumeshalipa ya mwaka mzima. Ni bangili tu hiyo."

Ni bangili tu!

Sasa nyie mnaomshauri mdau, sikilizeni jambo hili ambalo hamlisemi. Mtu wa tiketi ya siku akitukanwa getini anageuza. Anapoteza nauli, anaondoka na heshima yake. Mwenye kadi ya mwaka hageuzi. Keshalipa mbele, keshafungwa. Atakula kila wanachompa, akishindwa kumeza atasukumia na maji. Hiyo ndiyo biashara yao. Wameuza mwaka, wamenunua mdomo wako.

Tukaingia.

Kumbe ile mitelezo mikubwa, ile yenyewe wanayoiona kwenye simu, ni ya bangili ya bluu tu. Guest anaishia kwenye bwawa la chini. Kassimu akavua yake kwa meno amvishe dada yake, mlinzi akamkemea. Rehema akagoma kupanda bila Zuhura, akalia mpaka akakohoa.

Zuhura ndiye aliyewabembeleza. Akamwambia mdogo wake panda, mimi nakuangalia. Akakusanya ndala zetu zote, akaziweka mapajani, akakaa nazo kwenye benchi.

Nilikuwa natelezeshwa na maji huko juu, jitu zima na tumbo langu, nikamwona chini kakumbatia ndala zangu. Nikajiambia atazoea. Astaghfirullah.

Jioni wakasema kadi ina ofa ya picha ya familia. Mpiga picha akatupanga, akatazama mikono yetu, akasema, "Hii ni ya wenye kadi..."

Hakumaliza. Zuhura akasogea mwenyewe. Alisogea kama mtu aliyeshajua mahali pake, bila kununa, mimi sijafungua hata mdomo.

Mama Zuhura akatoka kwenye mstari akaenda kusimama naye kule. Mpiga picha akamwita, hakugeuka.

Kwa hiyo ile picha ninayo. Tuko watatu, mimi na wadogo wawili. Mimi nacheka. Sijui nilikuwa nacheka nini.

Tulipofika Kibiti mke wangu akaniambia neno moja tu. "Nyumba hii ilikuwa na baridi, Baba Zuhura. Umesahau nani aliiwasha."

Kesho yake nikawapigia park. Nikafoka mpaka jirani yangu wa duka akaja kuniangalia. Nimewauliza, nyie mnafanya biashara na watu wa nchi gani? Nani hapa kwetu hana mtoto wa dada, wa kaka, wa marehemu fulani ndani ya nyumba? Mmekaa wapi mkaamua kwamba familia ni ile iliyoko kwenye karatasi? Basi mngeandika kwenye hilo tangazo lenu, kadi ya matumbo, watu wajue!

Aliyepokea simu akanijibu kistaarabu, kadi ikishatolewa hairudishwi. Akanitakia siku njema.

Dada yangu alipopata habari alipiga simu kutoka Mbuchi, akacheka kwanza, akadhani natania. Akauliza, "Mtoto kasema nini?" Nikamwambia hajasema kitu, yuko sawa.

Hakuwa sawa.

Wiki kadhaa baadaye, kabla mpunga haujatuita shamba, Kassimu akaanza tena, baba twende park, kadi si zipo. Nikaona ndiyo nafasi ya kurekebisha. Nikasema nitaongea na wale watu, nitatafuta hata hizo karatasi za mahakama, tutaenda wote.

Zuhura alikuwa uani anamsuka Rehema. Hakuinua kichwa. Akasema, "Nendeni tu, mjomba. Mimi nitabaki nyumbani."

Rehema akageuka akamtazama. Mimi nikajifanya sijasikia, nikaingia ndani, nikakaa kitandani na viatu.

Nikadhani imemponyoka. Asubuhi akaleta chai. "Shikamoo mjomba."

Kwa adabu zake zote. Angenitukana ningejua pa kushika. Ukali wa aina gani utautoa kwa mtoto anayekuamkia?

Nimeongea naye. Mama Zuhura kaongea naye. Anasikiliza, anaitikia ndiyo, anaondoka. Mke wangu, Zuhura bado anamwita mama, kwa sababu mke wangu siku ile alisogea. Mimi nilibaki kwenye picha.

Kwa hiyo mdau uliyeuliza, jibu lako hili hapa. Usinunue. Ukitaka kwenda, kata tiketi ya siku kwa watu wako wote, hata mkiishia bwawa la chini mtaishia pamoja, na wakikuambia mmoja wenu si wenu, geuza na watu wako mkale wali wenu kwenye hotpoti. Na kabla hujalipa chochote cha "familia", waulize kwanza kwao familia ni nani, usiwajibu kwa hesabu za kwenu. Na mkeo akisema hapana, mkuu, ni hapana.

Kadi yangu ipo. Mama Zuhura anakwangulia ukoko. Ni ngumu, haikunjiki, inafika mpaka pembeni ya sufuria, hapo siwezi kuwasema vibaya.

Sasa najua mtakuja kunishambulia, njooni. Atakayesema nilitakiwa kusoma vigezo na masharti, sawa, nimekusikia. Lakini ya kadi nimeshayamaliza. Mwenye maneno ya kumwambia mtoto ndiye ninayemngoja hapo chini, nitayasoma yote.

Kibiti nzima bado inaniita Baba Zuhura. Zuhura peke yake ndiye anayeniita mjomba.